Mawe ya Jiko la Apolonia

Apolonia alikuwa amesema mpaka koo limemkauka. Jiko la zamani lilishabomolewa, kontena la taka alilolikodi lilikuwa uani, mlango wake wa nyuma wazi, na maelekezo yenyewe hayakuhitaji shule: mawe ya msingi yatangulie, yatandazwe sakafuni yasielemee upande mmoja, mbao zilazwe juu yake, misumari ikiwa imeshang'olewa, matawi na godoro bovu mwisho, na kitu kisizidi ukingo. Adhuhuri lori lingekuja kulibeba, na adhuhuri hiyohiyo mumewe Bujiku angetoka hospitali kwa magongo. Shimo la dhahabu lilimponda mguu, naye kitandani aliapa kwamba hatalirudia. Alichotaka Apolonia ni njia safi ya kumwingiza ndani, akae hapo, basi.

Lakini nani alimtuma kuwapa wachimbaji kazi hiyo? Shemeji yake Donatus na mwenzake Thobias walinyanyua jiwe la kwanza, wakalitua. Donatus akalitemea mate, akaligeuzageuza juani, akaligonga kwa nyundo. La pili vivyo hivyo.

"Shemeji, hayo ni mawe ya jiko."

"Kaka aliyaleta kutoka machimbo ya Segese. Jiwe la Segese halitupwi hivihivi."

"Lingekuwa na dhahabu, ningekuwa bado nasonga ugali hapa?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mawe yote waliyoyaona yana dalili ya dhahabu yalirundikwa mlangoni pa nyumba, yasije yakaibwa. Kisha, ili nao waonekane wanafanya kazi, wakarusha kontenani matawi, godoro, na mbao na misumari yake. Kontena likajaa hewa. Apolonia alipopanda kuyakanyaga matawi yashuke, msumari ukatoboa kandambili yake ukatokeza katikati ya vidole. Aliwatukana wote wawili kwa Kisukuma, wala hakujuta.

Lori likafika. Dereva, Maulidi, akalikagua kontena akatikisa kichwa. "Mama, limeshajaa. Ukiongeza kitu sibebi."

Nyuma yake ikasimama bajaji, Bujiku akateremka. Alijikongoja mpaka kwenye rundo, akakuta njia haipo. Apolonia alikwenda kumshika mkono, huku akitafuta maneno ya kumwomba radhi.

Bujiku hakumwangalia. Aliegemeza magongo ukutani, akaketi taratibu juu ya mawe, akachagua moja.

"Donatus, lete nyundo."

Hasira ilimpanda Apolonia, ikaishia njiani. Kilichobaki kilikuwa uchovu mtupu.

"Mama, niondoke?" Maulidi aliuliza.

"Ondoka tu, baba. Takataka zilizobaki hapa hazibebeki kwa lori."