Mguu wa Kulia wa Mzee Maziwa

Mzee Maziwa alikuwa bado hajamsamehe mkwewe kwa kuwa kinyozi, na asubuhi hiyo akamkuta na kosa la pili: aliendesha gari peku.

Aligundua wakiwa njiani kwenda hospitali kumchukua mkewe, aliyepasuliwa mgongo. Barabara kubwa ilikuwa nyeupe, gari lilikwenda vizuri, na mzee hakuwa na la kulalamikia, hali ambayo haikumpendeza hata kidogo. Ndipo alipoinamisha macho. Ndara ya kulia ilikuwa imesukumwa kando, na mguu wa Kinyozi, mtupu kama ulivyozaliwa, ulikuwa umelala juu ya kanyagio la mafuta, vidole vikichezacheza.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ipi, baba?"

"Huo mguu."

"Aa, huu. Hivi nalisikia gari vizuri zaidi."

"Gari husikiwa kwa masikio," mzee akasema, akageukia dirishani ili asiendelee kuona.

Yeye alikuwa dereva wa watu wakubwa maisha yake yote ya kazi. Mkurugenzi wake wa mwisho alikuwa na vidonda vya tumbo, na kila asubuhi alikunywa bilauri ya maziwa kwenye kiti cha nyuma, gari likipita kwenye matuta, mashimo na foleni za mji. Hakuwahi kudondosha hata tone kwenye tai. Madereva wenzake wakambandika jina la Maziwa kwa mzaha. Yeye akalivaa kama nishani. Na maziwa yale yote aliyapeleka salama akiwa amevaa viatu vyeusi vya soli nene, vilivyopigwa kiwi mpaka vikaweza kumwonyesha mtu meno yake. Alikwisha kustaafu, hakuwa na gari hata la magurudumu matatu, lakini kiwi hakuacha. Leo pia alivipiga. Soksi, ni kweli, hazikuwa na hali nzuri tangu mkewe alazwe, lakini soksi ni siri ya kiatu, na kiatu hakina mdomo.

Sasa binti yake wa pekee, aliyelelewa na mtu wa namna hiyo, alikuwa ameolewa na mtu anayeishi kwa kunyoa visogo vya wenzake. Na kisogo chenyewe anakinyoa peku, bila shaka.

Hospitalini, mkewe alitolewa kwa kiti cha magurudumu, mkanda mpana umemzunguka kiuno, uso umekonda lakini macho yakiwa yale yale. Nesi akasaidia kumlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, mito miwili mbele, mmoja mgongoni.

"Nani anaendesha?" nesi akauliza.

Mzee na Kinyozi wakasema "Mimi" kwa pamoja.

"Basi yeyote atakayeendesha, asimtikise. Mshono haujashika sawasawa. Akirushwarushwa tu, mtamrudisha hapa, na safari hii hatatoka upesi."

Mzee akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Baba, hili gari lina kichaa chake," Kinyozi akasema kwa upole. "Kwenye mwendo mkubwa halina neno. Likienda polepole ndiyo linaanza. Kanyagio la mafuta lina sehemu tupu hapo juu, waya umelegea. Unakanyaga, kimya. Unaongeza kidogo, linashika ghafla. Fundi ameniahidi wiki ijayo."

"Gari halina kichaa, kijana. Kichaa huwa mguuni."

"Sawa, baba. Ila ukivua kiatu…"

"Ufunguo!"

Akapewa. Akakaa kwenye usukani, akasogeza kiti, akarekebisha kioo mpaka akamwona mkewe, akafuta dashibodi kwa leso kwa sababu vumbi lilikuwapo na kwa sababu mkwewe alikuwa anatazama. Akatia gia ya kwanza. Akaachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto.

Gari likapiga kichwa mbele, likajirudi, likapiga tena. Mlinzi wa getini akaruka pembeni.

"Yallah!" mkewe akalia kutoka nyuma.

"Ni huyu mlinzi," mzee akasema. "Amesimama njiani kama nguzo."

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ni dhahiri hawakuwahi kupanda gari la kinyozi. Kwenye barabara ya kurudi walikuta mafundi wa bomba wamechimba upande mmoja, na magari yote yamebanwa kwenye upande uliobaki, yakisogea hatua kwa hatua kama watu kwenye foleni ya maji. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Ilikuwa ni kusogea, kusimama, kusogea. Mzee alikanyaga, hakuna kitu. Akaongeza kiasi cha unywele. Gari likachupa kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Akaachia, likajikunja kama limegonga ukuta. Akajaribu kucheza na klachi nusu, ufundi ambao alifundisha wengi. Gari likapiga kwikwi na kutoa harufu ya mpira unaoungua. Soli yake nene haikumwambia lolote. Ilikuwa kama kushika sindano kwa glavu za kuchomelea.

Akawatukana mafundi wa bomba kwa sauti ya chini. Akamtukana aliyeuza gari, aliyelitengeneza, na fundi wa wiki ijayo, maana wiki ijayo ndiyo siku wanayozaliwa mafundi wote wa dunia. Kinyozi alikaa kimya kando yake, mikono magotini, na kimya hicho kilimchoma mzee kuliko neno.

"Sema basi!" akafoka. "Si unataka kusema?"

"Sina la kusema, baba."

"Umejaa mpaka kooni, nakuona."

"Basi nitasema moja. Ni kama mashine ya kunyolea. Ukiikandamiza, inang'ata. Inabidi mkono uisikie kabla haijagusa ngozi."

"Unanifundisha gari kwa mashine ya kunyolea?"

"Umeniambia niseme."

Gari likachupa tena, safari hii vibaya. Mzee akatazama kioo. Mkewe alikuwa ameuma pindo la shuka, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Huyu ni mwanamke aliyezaa bila kupiga kelele, aliyemtania daktari mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mzee Maziwa hakuwahi kuona uso ule kwenye kioo chake. Kwenye kioo chake siku zote palikuwa na mtu anayekunywa maziwa.

Akakanyaga breki, akavuta ya mkono. Nyuma yao honi zikaanza.

"Mzee wangu," mkewe akasema, akitema shuka. "Mpe mwenzio aendeshe, au fanya anavyofanya yeye. Chagua. Mgongo wangu hauwezi kungoja ugomvi wenu uishe."

"Hakuna anayegombana."

"Basi vua hicho kiatu."

"Dereva haendeshi peku."

"Dereva wa nani? Mkurugenzi hayumo humu. Nimo mimi." Akapumua kwa shida, kisha akashusha sauti, kama mtu anayezungumza chumbani kwake. "Ni soksi, siyo?"

Honi ya lori ilijibu badala ya mzee.

"Nilijua," mkewe akasema. "Tangu nilipolazwa nani angezishona? Vua, bwana wee. Kidole gumba chako nakifahamu tangu tukiwa vijana. Hakijawahi kumla mtu."

Kumpa Kinyozi usukani, kisha amtazame akimpeleka mkewe nyumbani kwa mguu ule? Hapana, hilo lingemuua. Lakini kuchezesha gari tena namna ile ilikuwa haiwezekani, na kila mtu ndani ya gari alilijua hilo, pamoja na yeye. Akainama, akalegeza kamba, akavua kiatu cha kulia. Kidole gumba kikatoka nje ya soksi kizima kizima, kikiwa na kucha ndefu, kama mzee wa mtaa aliyechungulia kujua kelele zinatoka wapi.

"Shika hiki," akamwambia Kinyozi, akimtupia kiatu mapajani. "Na utazame mbele."

Kinyozi alikwisha kutazama mbele. Alikuwa ametazama mbele kabla ya kuambiwa, akilisoma kwa makini mno bango la matairi kando ya barabara. Mzee akaliona hilo. Akafikiria kwa mara ya kwanza kwamba huenda kijana huyu hakuwa mtupu kabisa.

Akaweka kisigino sakafuni, akaegemeza mguu juu ya kanyagio kama alivyouona ule wa Kinyozi. Kidole kikakutana na chuma. Chuma kilikuwa baridi. Kikashuka bila uzito, kikashuka tena, kisha pakaja kitu kidogo kama mdundo wa mshipa wa damu. Hapo hapo akatulia. Akaachia klachi. Gari likaanza kutembea.

Likatembea, likasimama, likatembea. Kwenye kioo, uso wa mkewe ulilegea. Baada ya muda akafumba macho.

"Umeona, ba…" Kinyozi akaanza.

"Nyamaza, mama yako amelala."

Ile fikra njema ikaishia hapo.

Walipofika, binti alikuwa mlangoni na majirani wawili wamesimama ukutani kutazama. Mzee alizima injini lakini hakufungua mlango. Hakuwa mtu wa kushuka mbele ya majirani na kidole kinachungulia. Akanyoosha mkono kudai kiatu chake.

Kinyozi alikuwa amekikumbatia njia nzima, na sasa alikuwa akikifuta vumbi kwa ncha ya shati lake, taratibu, kwa ile mikono yake ya saluni. Mzee Maziwa akamtazama kwa muda. Kisha akakinyakua.

"Kiatu hakifutwi hivyo," akasema. "Unaanzia kisiginoni."