Maji ya Mchungwa wa Zabibu

Abibu, fundi cherehani wa cité, mtaa wa Waafrika wa mji wa Élisabethville huko Kongo, alijua mchungwa unavyonyweshwa, na kujua kwake hakukumfaa kitu. Maji hayamwagwi shinani. Unachimba mfereji kuzunguka pale kivuli cha matawi kinapoishia, maana huko ndiko mizizi midogo inakonywea. Unaujaza vizuri, kisha unauacha udongo ukauke kabla ya kurudia. Shina likikaa topeni, ganda linaoza.

Lakini Feza, mkewe, alimwaga shinani, asubuhi na jioni, kiangazi kizima. Pale ndipo walipozika kitovu cha Zabibu, mtoto wao wa pekee, siku walipoupanda mti, kwa desturi ya wazee wao wa Maniema. Zabibu mwenyewe alikuwa makaburini tangu mwisho wa mvua.

Abibu alichimba mfereji. Feza akaufukia kwa mguu.

"Mutoto wangu iko hapa," alisema, akigusa shina. "Haiko kule."

Majani yakageuka manjano. Feza akadhani ni kiu, akaongeza ndoo. Siku moja Abibu aliinama kushika ganda karibu na ardhi, likabanduka mkononi mwake, likinuka uchachu kama pombe iliyolala. Alishtuka sana. Hata hivyo mti ulikuwa haujafa. Ukiachwa ukauke, ungepona.

Feza alipokuja na ndoo, akamzuia.

"Mama Zabibu, acha. Mayi ndiyo inaua huu muti."

Feza hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Baba Zabibu, mutoto alikuwa anaharisha, akalilia mayi. Ulisema tusimupe, mayi itazidisha. Nikakusikia. Alikufa na midomo mikavu. Leo unamukatalia tena?"

Ni kweli, Abibu alikuwa amesema hivyo. Mtaa mzima uliamini hivyo, kwamba tumbo linaloharisha halipewi maji, naye akawa mkali kuliko wote. Majuto ni mjukuu, wanasema. Abibu mjukuu mwingine hangempata.

Alilitazama lile shina bovu, akaitazama ndoo mikononi mwa mkewe. Akaipokea ndoo, akapiga magoti, akamwaga maji yote shinani, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Kisha akaenda bombani kujaza nyingine.