Filimbi Inayovuja

Nadina Farfán si mtu wa makelele. Lakini Jumamosi ile asubuhi, aliposoma ratiba ya onyesho la kufunga semina kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, alitoa neno ambalo mama yake kule Santiago del Estero angemzaba kofi kwa ajili yake. Wapiga filimbi wenzake wakageuka, mkate mdomoni.

"Una nini wewe?" akauliza Yanina, aliyekuwa analala naye chumba kimoja.

"Soma mwenyewe."

Yanina akasoma. Wimbo mpya wa Leandro Echenique, filimbi peke yake, kupigwa kwa mara ya kwanza na maestro Anselm Rupp kutoka Ujerumani. Basi. Jina la Nadina halikuwepo, hata kwa herufi za sisimizi.

"Huu si wimbo wako?"

"Ulikuwa wangu mpaka jana."

Na ulikuwa wake kweli, msidhani ni wivu wa wasanii. Kila Januari, joto likiwa limewafukuza watu mijini, wapiga filimbi hukusanyika kwenye hoteli ile kuukuu ya milima ya Córdoba kujifunza muziki wa siku hizi: kupuliza pumzi tupu, kugonga vibonyezo kama mvua juu ya bati, kuimba na kupuliza kwa wakati mmoja. Watunzi nao huja. Mtunzi huketi na mpigaji, humwambia nionyeshe filimbi yako inaweza nini, na hapo ndipo wimbo huzaliwa. Desturi ya pale kila mtu anaijua: aliyeketi na mtunzi ndiye anayepiga kwanza, na jina lake huchapwa juu ya nota, likabaki pale hata mtunzi akifa. Kwa binti anayefundisha watoto wa shule na kupiga kwenye bendi ya manispaa, jina lile lilikuwa mlango. Watu wa mbali wangelisoma na kuuliza, huyu ni nani?

Sasa, filimbi yenyewe ilikuwa mbovu. Mama yake aliinunua kwa mzee mmoja wa bendi, na chini ya kibonyezo kimoja, chenye mkono uliopinda, kizibo cha ngozi kilikuwa kimechoka, kinavuja pumzi. Kwa hiyo sauti fulani hazikutoka moja moja. Ilitoka sauti ya chini, nene, na juu yake nyingine nyembamba inayotetemeka, zote kwa pumzi moja. Miaka yote Nadina alipigana na ubovu ule. Viongozi wa bendi walimgombeza kwa ajili yake, naye akajifunza kuuficha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Siku ya kwanza ya semina alikuwa anapasha vidole kando ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, ubovu ukamponyoka. Leandro alikuwa anapita na kibuyu chake cha yerba, ile chai ya majani machungu wanayoinywa kwa mrija. Akasimama.

"Hiyo ni nini?"

"Samahani. Filimbi inavuja."

"Samahani ya nini? Rudia."

Akarudia. Leandro akaketi chini kwenye vigae bila kutazama anakokalia. "Mama yangu! Miaka mingapi nimeitafuta sauti hii, kumbe iko Santiago del Estero!"

Wiki nzima hawakuachana. Nadina alimwonyesha namna ya kuikaza sauti ile ya juu, kuilegeza, kuizima taratibu mpaka ibaki ya chini peke yake. Leandro alikuwa anaandika tu na kunywa yerba. Semina ilikuwa imemleta fundi wa kutengeneza filimbi za washiriki bure, na Nadina alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Leandro ndiye aliyemtoa.

"Usithubutu! Fundi akiigusa, wimbo umekufa. Nakusihi, dada yangu. Utaupiga wewe. Jina lako litakuwa pale juu."

Akatoka kwenye foleni.

Basi Jumamosi ile hakupoteza muda. Alimkuta Leandro barazani, kwenye duara la yerba la asubuhi, kibuyu kinazunguka mkono hadi mkono. Maestro Anselm alikuwepo pia. Mzee yule siku ya kwanza alipewa kibuyu, akanywa, akasema asante kwa adabu zote za kwao, halafu akashangaa kikimruka kila kinapozunguka. Watu walicheka hadi wakamweleza: hapa mtu hasemi asante mpaka anapotaka kuacha. Ukisema asante, umetoka duarani.

"Leandro, jina langu liko wapi?"

Leandro akamvuta pembeni. "Usipandishe sauti. Maestro ameziona nota, amezipenda. Ataupiga Berlin, ataupiga Paris. Nikatae? Wewe mwenyewe ungekataa?"

"Ningemwambia wimbo una mwenyewe."

"Una mwenyewe, ndiyo. Mimi niliuandika."

Kauli hiyo! Nadina akamgeuzia mgongo, akaondoka. Wiki nzima alikuwa dada yangu, leo amegeuka nani? Kalamu iliyokwisha wino?

Mchana wakafanya mazoezi ukumbini. Maestro alitoa filimbi yake ya dhahabu, akaweka vidole kama nota zilivyoandikwa, akapuliza. Ikatoka sauti moja, safi kama glasi. Akageuza mdomo, akapunguza pumzi, akaongeza. Ileile. Mtu nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Yanina akamnong'oneza Nadina, "Dhahabu haivuji, masikini wa Mungu." Leandro alikuwa anajipangusa jasho. Ndipo akapanda jukwaani, akamweleza maestro jambo sikioni, na wote wawili wakageuka kumtazama Nadina. Si yeye, hata. Waliutazama mfuko wa filimbi uliokuwa magotini pake.

Haikupita saa, Bi Mirta, mkuu wa semina, akamwita ofisini. Bi Mirta ni mama mwenye sauti tamu, na utamu wake ndio wa kuogopa.

"Mwanangu, maestro anakuomba filimbi yako kwa onyesho la leo. Heshima iliyoje!"

"Wanaitaka filimbi, mimi hawanitaki?"

"Usilipokee hivyo."

"Nilipokee vipi, Bi Mirta? Sauti yangu, filimbi yangu, vidole nimewafundisha mimi. Kimebaki nini ambacho ni chake? Hata pumzi nimpe?"

"Nadina." Utamu ukapungua. "Uko hapa kwa ufadhili. Chumba, chakula, basi la kukuleta. Wapo waliolipa kila kitu na hawajaomba makuu. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nasikia tu. Leo naona."

Punda! Nadina alitoka mle ofisini bila kuaga. Alipita bwawa kavu, akapita jikoni wanakokaanga empanada, sambusa za kwao, hakujua miguu inampeleka wapi mpaka alipojikuta mlangoni kwa fundi. Hakukuwa na foleni tena. Fundi alikuwa anakunja vyombo vyake aende zake.

"Kizibo kinavuja," akasema Nadina.

Fundi akaweka taa ndogo ndani ya filimbi, akatazama mwanga unavyopenya. "Hiki kimekufa zamani, binti. Umepigaje na kitu hiki? Nibadilishe?"

Niseme kweli yake: alitaka kulia. Sauti ile aliichukia miaka yote, kaipenda wiki moja. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo. Lakini ibaki ili nani aipulize? Ili Berlin iseme Anselm, Paris iseme Echenique?

"Badilisha," akasema. "Na mkono wa kibonyezo unyooshe pia."

Jioni ukumbi ulijaa, viti vya jikoni vikaletwa. Nadina alimpelekea Bi Mirta filimbi nyuma ya jukwaa, mbele ya maestro na Leandro.

"Hii hapa. Nimeipitisha kwa fundi kwanza. Huwezi kumpa mgeni kitu kibovu."

"Unaona sasa?" Bi Mirta akamshika shavu. "Nilijua wewe ni mtoto mwenye adabu."

Maestro akainama kwa heshima, akaichukua. Leandro peke yake ndiye aliyeelewa, uso ukamwisha damu. "Umefanya nini? Nadina, umefanya nini?" Lakini makofi yalikwisha kuanza, na maestro alikwisha kutokea kwenye taa za jukwaa.

Alipiga vizuri. Tumpe haki yake, mzee yule anapiga. Ila alipofika pale ambapo wimbo wote umeegemea, akaweka vidole, akapuliza, ikatoka sauti moja. Safi. Akangoja, akajaribu tena, moja. Nota zilimtaka airudie tena na tena, naye akairudia, mtu wa watu, na kila mara ikawa moja. Wimbo ukabaki kama empanada isiyo na nyama. Watu walipiga makofi ya adabu, wakakimbilia nyama choma uani. Maestro akamrudishia Leandro karatasi zake. "Kazi yako ni nyepesi," akamwambia, wala hakukosea.

Nadina alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alidhani atafurahi. Alifurahi kidogo, kisha furaha ikamwisha, maana filimbi ile ilikuwa inalia vizuri kuliko alivyowahi kuisikia, na hakuitambua.

Asubuhi yake, mizigo iko mlangoni na basi linangojwa, duara la yerba liliketi barazani kwa mara ya mwisho. Leandro ndiye aliyekuwa anajaza. Macho yake mekundu.

"Nadina, kaa. Nimekosa, haya. Fundi aliniambia jana kizibo cha zamani unacho."

"Ninacho mfukoni."

"Basi kirudishwe! Tuanze upya. Jina lako nitaliweka juu, nitaliandika sasa hivi mbele ya watu hawa."

"Na jana?"

"Ya jana yamepita. Utapiga wewe, naapa kwa mama yangu. Mkono nao tutaupinda kidogo kidogo mpaka sauti irudi."

Akamjazia maji ya moto mpaka juu, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Wote wakamtazama, hata Bi Mirta, hata maestro.

Nadina akakipokea. Akanywa bila haraka, mpaka mrija ukakoroma. Akamrudishia kibuyu chake.

"Asante," akasema.

Leandro akabaki amekishika. Halafu, kwa kuwa desturi ni desturi, akakijaza tena na kumpa Yanina.