Nani Huyo Anayenyesha?

Kila Jumamosi asubuhi tulisoma Kiingereza katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mji wa Wapato. Mwalimu wetu alikuwa Bi Verna Holmquist, mama mmoja aliyestaafu kuendesha basi la shule, na alitufundisha bure. Mimi niliketi meza moja na Delfina Tzintzun. Sote wawili tulitoka Michoacán, kunakosemwa Kihispania, na sote tulichuma cheri kwenye shamba moja.

Delfina hakuwa mwepesi wa kushika masomo, ila hakukubali kumeza neno kabla hajalitafuna. Jumamosi moja ya Juni mwalimu alituambia tuandike habari za hali ya hewa. Delfina akaandika "Is raining." Mwalimu akachukua kalamu nyekundu akapachika "It" mbele yake.

"Kwa Kiingereza kila sentensi ina mtenda, na mtenda anakaa mbele," alisema. "Ninyi wa Kihispania mna tabia ya kumwacha nyumbani."

"Sawa, mwalimu. Sasa huyu 'it' ni nani?"

"Si mtu."

"Ni kitu?"

"Wala si kitu, kwa kweli."

"Basi ni Mungu."

Bi Verna akacheka. "Mungu tungemwandika kwa herufi kubwa."

"Mbona hapo umeandika kubwa?" akadakia Ramiro kutoka nyuma. Huyo alikuwa fundi wa kupogoa miti, na hakuna siku iliyompita bila mzaha.

"Kwa sababu ndiyo mwanzo wa sentensi, wewe Ramiro, tulia!"

Tukacheka, lakini Delfina hakucheka. Kwetu mvua haihitaji mtu wa kuinyesha. Unasema "llueve", neno moja tu, na kila mwenye nguo kambani anakimbia kuanua.

"Kama si mtu wala si kitu," akasema, "kwa nini apewe kiti cha mbele?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. Kisha akakaa juu ya meza.

"Sijui," alisema. "Nimelisema neno hili tangu nilipoanza kusema, na sijawahi kujiuliza. Nenda kaulize watu, Delfina. Mimi nami nitauliza."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza tu. Delfina aliyachukua kama kazi ya nyumbani.

Jumanne mvua ikatukuta shambani, cheri zimeiva hata mti unainama. Cheri iliyoiva ikinyeshewa hunywa maji mpaka ngozi inapasuka, na iliyopasuka hainunuliwi. Helikopta ya kukodi ilipita juu ya miti ikiyapeperusha maji kwenye matunda kwa upepo wake, nasi tukajibanza bandani. Msimamizi wetu, Pruitt, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndoo" na "haraka", alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"It's raining," akasema, kama anayejisemea.

Nikamwona Delfina anamsogelea. Nikamvuta aproni. Akauondoa mkono wangu.

"Bwana Pruitt, nani?"

"Nani nini?"

"Anayenyesha. Unasema 'it'. Ni nani huyo?"

Pruitt alimtazama, akaitazama mvua, akamtazama tena. Nikasema moyoni, leo tunafukuzwa sote wawili.

"Simjui," akasema mwishowe. "Lakini leo nikimpata, nitamkaba shati."

Alicheka yeye kwanza. Ndipo nasi tukathubutu.

"Na kwa Kihispania mnamwitaje?" akauliza.

"Hatumwiti. Hayupo. Inanyesha tu yenyewe."

"Sasa cheri zikipasuka mnamlaumu nani?"

"Msimamizi," alisema Delfina.

Mungu wangu! Pruitt akatikisa kichwa, akavuta kreti akaketi, na mpaka mvua ilipokatika alikuwa akimwuliza Delfina maneno ya Kihispania, moja baada ya jingine, na kuyaharibu yote.

Siku iliyofuata alituruhusu tuchukue zilizopasuka, kila mtu kadiri awezavyo kubeba. Jioni Delfina akaniambia, "Rosenda, twende tumpelekee mwalimu." Tukaenda na ndoo yetu. Delfina akagonga mlango.

"Who is it?" ikaita sauti ya Bi Verna kutoka ndani.

Delfina akabaki na mkono hewani. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Na yeye ananiuliza!"

"Anauliza nani yuko mlangoni, shoga. Jibu."

Akafikiri. Nilimwona anayapanga maneno, midomo ikicheza.

"It is me," akasema. Halafu akanigeukia, macho yamemtoka. "Kumbe hata mimi?"

Mlango ulipofunguka hakusalimia. "Mwalimu, jana huyu 'it' alikuwa mvua. Leo ni mimi. Inakuwaje?"

Bi Verna aliiona ndoo, akatuona sisi, akaketi palepale kwenye ngazi. Tukaketi naye, tukala cheri na kutema kokwa kwenye majani. Alijaribu sentensi za Kiingereza kwa sauti, moja moja: ni mbali, ni Jumatano, ni baridi. Kila moja ilianza na neno lile lile, 'it', na kila mara alisita akiisikiliza upya.

"Jumatano nayo ni nani?" alijiuliza. "Aisee, mmeniharibia lugha yangu."

Jibu kamili hatukulipata jioni ile, wala mimi sijalipata hadi leo. Shamba lilipoteza cheri za mistari yote ya upande wa mtoni, na msimu ukaisha mapema. Lakini Delfina hakumwacha tena mtenda nyumbani. Kwenye daftari lake kila sentensi ilimpata mwenyewe, awe mtu, awe mvua, awe siku ya juma.

Jumamosi iliyofuata aliinua mkono kabla mwalimu hajavua koti.

"Sisi tuna miaka," alisema. "Mimi nina miaka arobaini na tisa, ni mali yangu. Kwa nini kwa Kiingereza mtu hana miaka, bali yeye mwenyewe ndiye arobaini na tisa?"

Ramiro akaacha mzaha, akavuta kiti chake mbele.