Jina la Baba Mkwe

Mimi Josephina, mkazi wa Bagara, sipendi kuitwa mwongo. Na mama mmoja, afisa wa ubalozi, aliniita hivyo kwenye usaili wa kompyuta, kwa adabu kabisa, kupitia mkalimani.

Mume wangu Silas anaendesha malori huko kwenye nchi za baridi. Alipopata kibali cha kuishi, akaomba nimfuate. Usaili ulianza vizuri. Tulioana wapi? Katesh. Anapenda kula nini? Makande. Jina lake nani? Silas. Silas nani? Nikanyamaza.

Jina la pili la Silas ni la baba yake. Na sisi Wabarabaig, mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Hata hapa msilisubiri. Yule mama akaandika kwamba simjui mume wangu, ndoa ni ya kutunga. Wakatupa nafasi moja tu ya kujieleza. Nikiikosa hiyo, Silas abaki huko na mimi nibaki huku.

Jirani yangu Zuwena, mwenye duka la vitenge, alinicheka. "We Josephina nawe! Kutamka tu? Mimi la mkwe wangu nalitaja hata nikiwa namteta."

"Wewe na mimi si kabila moja."

"Haya. Mficha uchi hazai."

Silas naye akapiga simu. "Litaje tu, mke wangu. Mzee atajuaje?" Nikamkatia. Nilikuwa nimemkumbuka mpaka nalia, lakini nilimkatia.

Siku ya usaili wa pili nikavaa gauni la kanisani, nikakaa mbele ya kompyuta. Yule mama hakuzunguka. "Silas nani?"

"Jina unalo hapo mbele yako kwenye karatasi," nikamwambia. "Ningekuwa mke wa kukodiwa ningelikariri, ningekutajia kabla hujamaliza kuuliza. Mimi silitaji kwa sababu nimeolewa."

Mkalimani akasita. Nikamwambia atafsiri yote, asipunguze hata neno.

"Na ukifika huku, wakikuuliza hospitalini?"

"Nitawapa kitambulisho wasome wenyewe. Macho si wanayo?"

Yule mama akaweka kalamu chini, akaniuliza habari za mzee. Nikamweleza tunavyoishi: nikikutana naye njiani napisha pembeni, naye anatazama upande mwingine mpaka nipite. Nikiwa kwake Sigino, chakula chake napika mimi, lakini hajawahi kuniona nikila. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

Viza ikatoka. Sikungoja hata kumwambia Zuwena, nikaenda Sigino kumuaga mzee. Nikakaa mbali naye kidogo, nimegeuza uso, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Baba. Wamenipa."

"Marahaba. Nilisikia walikuuliza jina langu. Ulilitaja?"

"Sikulitaja."

Nikasikia akiegemeza fimbo yake ukutani.

"Wake za wadogo zake Silas wote wanalitaja siku hizi," akasema. "Wananiita jina langu kama wanaita mbuzi. Ulikuwa umebaki wewe peke yako. Sasa na wewe ukienda..."

Hakumalizia. Roho iliniuma, ikaniuma kweli, na machozi yakanitoka nikayaacha.

"Baba," nikamwambia, "hata huko nitanyamaza."