Matusi ya Mama kwa Paka Wake

Siku tuliyomhamisha baba, paka alipanda juu ya paa akakataa kushuka. Vitu vilikuwa vimeshafungwa kwenye pikapu: kitanda, makochi, cherehani ya marehemu mama. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anamchukua baba akaishi kwake, alishika kikapu chenye mfuniko. Mimi nilishika kipande cha samaki. Baba alikuwa amekaa kizingitini.

"Bila huyo, siendi," alisema.

Tangu tumzike mama hakuwa ametamka maneno hata hayo matatu kwa mkupuo.

"Mzee, paka ni paka," dereva alisema, ameegemea mlango wa gari. "Huko uendako wamejaa tele."

"Hata madereva wamejaa tele," baba akamjibu.

Dereva akacheka, akazima injini.

Tukaanza kubembeleza. Kaka aliita pusi, pusi. Mimi nikamwita mrembo, mpenzi, malkia wangu. Paka alitutazama kama mwenye nyumba anavyotazama wageni wasiojua kupiga hodi, kisha akajilaza. Nzi wakaanza kumzoea samaki.

"Mnamwita nani?" baba akauliza. "Huyo hajawahi kusifiwa humu ndani."

Ni kweli. Mama alikuwa mshonaji, na alikuwa na imani yake: paka akisifiwa hubweteka, na panya hupata habari. Kwa hiyo hakumpa jina, alimpa matusi, kila tendo na tusi lake. Akilalia kitambaa cha mteja, alikuwa kupe. Akitokea kitoweo kinapoiva, mdoezi. Akirudi asubuhi sikio limechanika, mzururaji asiye na kwao. Na yote hayo mama aliyasema huku anamkuna shingo, kwa sauti ileile aliyotutuliza nayo tukiwa na homa.

"Basi mtukane wewe," kaka akaniambia. "Wewe ndiye mwenye sauti ya mama."

Watu wote husema hivyo. Hata shangazi, kwenye simu, alikuwa akinichanganya na wifi yake. Ndiyo maana tangu msiba nilikuwa naongea kwa kunong'ona nikiwa karibu na baba. Nilimtazama. Kisha nikainua uso kuelekea paani.

"We mdoezi," nikasema, na sauti ikatoka ya mama mtupu. "Mdoezi usiye na haya. Unangoja uletewe sinia huko juu?"

Paka akainua kichwa. Alishuka kwa ukuta, akampita samaki bila hata kumnusa, akaja hadi miguuni pangu. Akanikazia macho. Nadhani aliona kwamba siye mama. Hata hivyo hakukimbia. Nilimwinua, akaingia kikapuni akinung'unika.

Nilipogeuka, baba alikuwa ameupa uso ukuta, mabega yanatikisika. Nikaona nimetonesha kidonda. Kaka alifunga mlango, akapanda nyuma na mizigo, nasi tukakaa mbele na dereva.

Baba alikipakata kikapu. Tulikuwa tumeshaipita mitaa tunayoijua aliponigusa mkono.

"Sema tena."

"Lipi, baba?"

"Lolote. Alikuwa nayo mengi."

Nikaanza kumtajia, polepole, kwa sauti yangu yote. Nilipokwama, akaendelea yeye.