Maji Kwenye Kopo la Mafuta

Nyololo mwezi wa saba baridi haina huruma, na mafuta ya kupaka yanaganda koponi mpaka uyachimbe kwa kucha. Apolonia akaona isiwe tabu. Akamimina kikombe cha maji ya uvuguvugu, akakoroga mpaka yakalainika kama uji, kopo akaliweka karibu na mafiga yasigande tena. Yalivyoongezeka, akajaza na chupa akampelekea mdogo wake Bertha, aliyekuwa amejifungua Ipogolo wiki hiyohiyo.

Wiki ya pili, mwanawe Obeid akatoka vipele vya usaha mashavuni, jicho moja likavimba likafumba. Apolonia akambeba mgongoni, kopo mkononi, mpaka dukani kwa Violet alikoyanunua, akamwita muuaji mbele ya wateja, kwamba anauza mafuta feki.  Violet akafungua kopo jingine la boksi lilelile, akamnusisha: yananukia vizuri. Kisha akafungua la Apolonia. Chini ya mfuniko madoa meusi, na harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Mama Obeid, humu umetia nini?"

Akasema ni maji tu, tena ya kuchemsha.

Violet akafunga duka, akamsindikiza zahanati. Nesi akawaeleza kwamba mafuta yale yana dawa ya kuyazuia yasioze, imepimwa kwa kopo lile tu. Ukiongeza maji dawa inazidiwa, na joto la moto pamoja na vidole vya nyumba nzima vinafuga wadudu. Jicho litapona, wamewahi. Ila angekuwa kichanga ambaye kitovu hakijakauka, wangeongea mengine.

 Apolonia akapiga simu Ipogolo. Bertha akapokea akilalamika kwamba mtoto ana joto tangu jana, hanyonyi, kitovu kinatoa usaha, na ameshampaka mafuta ya dada yake asubuhi na jioni, labda atatulia.

"Bertha, tupa hiyo chupa. Mpeleke hospitali sasa hivi. Ni mafuta yangu."

 Bertha akauliza taratibu, "Dada, na wako ulimpaka?"

"Nilimpaka. Niko naye zahanati hapa."

Simu ikakatwa.

Kichanga alilazwa siku kumi na moja, akatoka mzima. Apolonia akapanda basi kwenda kuomba radhi. Bertha akampokea vizuri, akampa mtoto ampakate. Lakini Apolonia aliponyanyuka na beseni ili amwogeshe, kama dada wa mzazi anavyofanya, Bertha akamchukua mwanawe.

"Acha tu, dada. Nitamwogesha mwenyewe."